Malalamiko Kuhusu Tovuti ya Tiketi Isiyotumika na Abiria Wasioona

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mabasi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHINDWA KUKATA TIKETI KUPITIA TOVUTI YENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni abiria wenu wa siku nyingi wa Dar es Salaam hadi Mbeya. Sioni, na simu yangu naitumia kwa msaada wa programu inayosoma skrini kwa sauti. Tangu mlipobadilisha tovuti, siwezi tena kujikatia tiketi.

Tatizo kubwa liko kwenye ukurasa wa kuchagua siti. Kila siti imewekwa kama kitufe kisicho na jina, hivyo ninapopitisha kidole simu hutamka "kitufe, kitufe, kitufe" kuanzia kwa dereva hadi nyuma kabisa, bila kunijulisha namba ya siti, wala kama ni ya dirishani, wala kama imeshauzwa. Nimeelezwa kuwa zilizo wazi ni za kijani na zilizouzwa ni nyekundu. Rangi hizo hazinisaidii mimi, wala hazimsaidii abiria anayeona vizuri lakini asiyeweza kutofautisha rangi hizo mbili. Nikibahatisha siti, muda wa kuishikilia huisha kabla sijamaliza kujaza jina, nami hurudishwa mwanzo bila kuulizwa kama nahitaji kuongezewa.

Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa nitafute mtu wa kunisaidia. Sikubaliani na jibu hilo, kwa sababu kumpa mtu simu yangu anilipie nauli ni kumtajia pia namba yangu ya siri.

Siombi tovuti ya pekee kwa ajili ya wasioona. Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyetumia kiti cha magurudumu, alitaka vitu visanifiwe tangu mwanzo vitumike na watu wote kadiri inavyowezekana. Kwa upande wa tovuti upo mwongozo wa kimataifa wa WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023: kitufe kiwe na jina, taarifa isitegemee rangi peke yake, na maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hilo la mwisho litamfaa hata mwenye macho mazima anayesoma simu kwenye jua la stendi. Kukipa kitufe jina la "Siti A1, dirishani, ipo wazi" ni kazi ndogo kuliko kufunga televisheni ndani ya basi, na televisheni mmefunga.

Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inagusa pia huduma za mtandaoni zinazotolewa na kampuni binafsi.

Naomba mrekebishe kwanza ukurasa wa siti na ule muda, kisha mwaite abiria wasioona waijaribu tovuti kabla ya kuitangaza. Kwa sasa niruhusiwe kukata tiketi kwa simu, kwa nauli ileile ya mtandaoni.

Majibu yenu naomba yaje kwa maandishi ya kawaida ya baruapepe, si kwa picha ya barua iliyopigwa mhuri, maana hiyo simu yangu haitaweza kunisomea.

Wenu,
Abiria wa Mbeya