Kebo ya dijitali haipimwi kwa unene

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu ya vifaa vya nyumbani. Msomaji mmoja aliuliza achague kebo gani ya koaksiali ili atoe sauti ya dijitali kwenye king'amuzi kilichopo upande mmoja wa sebule na kuifikisha kwenye ampilifaya iliyo upande wa pili, umbali wa mita 12 ukifuata ukuta. Akajibiwa kwamba achukue kebo nene kuliko zote atakazoziona, kwa kuwa kebo nene huleta besi iliyoshiba. Mimi ni fundi wa vifaa vya sauti na picha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiletewa vifaa vizima kabisa vikidhaniwa ni vibovu kwa sababu ya waya tu uliochomekwa nyuma yake. Kwa hiyo sikuweza kuupita ushauri ule kimya, ingawa naamini aliyeutoa alikuwa na nia njema.

Kebo ya koaksiali ina kiini cha metali katikati, plastiki inayokizunguka, kinga ya msuko wa nyuzi au karatasi ya alumini, na ganda la nje. Uwiano kati ya unene wa kiini na kipenyo cha kinga, pamoja na aina ya plastiki iliyopo baina yao, ndio unaoamua impidansi ya kebo, yaani kile kipimo cha omu ambacho wimbi la umeme hukutana nacho linaposafiri ndani yake. Kipimo hiki si ule ukinzani unaosomwa kwa mita ya kawaida, na urefu wa kebo haukibadilishi. Nimewahi kurudiwa na mteja aliyekuwa amekasirika kweli kweli, mita mkononi, akidai kwamba nimempa kebo ya uongo kwa sababu imeandikwa omu 75 ilhali yeye ameipima toka ncha hadi ncha na hakuona hata omu moja.

Kwa kuwa jambo lenyewe ni la uwiano, unene peke yake hauelezi lolote. RG-8, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 10, ni kebo ya omu 50 iliyokusudiwa mitambo ya redio za mawasiliano, na haifai hapa hata kidogo, kwani kazi hii inadai omu 75. RG-179, nyembamba kiasi cha milimita 2.5 hivi, ina omu 75 kamili. Msomaji aliyefuata ushauri wa safu ile kwa uaminifu angeweza kabisa kuiacha kebo sahihi na kuondoka na ile isiyofaa.

Omu 75 zina umuhimu kwa sababu mfumo wa S/PDIF, uliotokana na kampuni za Sony na Philips, na ambao ndio unaopita kwenye lile tundu la dijitali lenye rangi ya chungwa nyuma ya vifaa vingi, umewekwa hivyo kwa kifaa kinachotoa, kebo, na kifaa kinachopokea. Sauti ya stereo ya kilohezi 48 hupita humo kwa kasi ya biti (zile sifuri na moja za dijitali) zaidi ya milioni 3 kila sekunde, na kila biti huandikwa kwa namna inayobeba pia mapigo ya saa, kiasi kwamba volti inaweza kupanda au kushuka zaidi ya mara milioni 6 kwa sekunde. Hapo kinachopita kwenye waya si sauti tena. Ni mawimbi yaliyo katika eneo la redio ya masafa mafupi, na yana tabia za mawimbi ya redio. Yakitoka kwenye kifaa cha omu 75 na kuingia kwenye kebo ya omu 50, sehemu moja kati ya tano ya volti zake hugeuka na kurudi ilikotoka, kama sauti ya mtu aliyeita ndani ya kisima, kisha mwangwi huo huchanganyika na biti zinazofuata na kuzipotosha kingo zake.

Nikiri jambo moja ambalo wauzaji wa kebo za kifahari hawapendi kulisikia, na ambalo mafundi wenzangu nao hulisahau. Kwenye kebo ya mita moja au mbili, mwangwi huenda na kurudi upesi mno, kwa sehemu ndogo tu ya muda wa biti moja, na mara nyingi hata waya wa kawaida wa sauti utafanya kazi bila mtu kugundua chochote. Ndiyo maana fulani atakuapia kwamba yeye anatumia waya wowote aliouokota na hana tatizo. Hasemi uongo. Lakini kadiri kebo inavyorefuka ndivyo mwangwi unavyochelewa na kuangukia mahali pabaya zaidi, na mita 12 ni urefu ambao sitaki kuuwekea dau kwa waya usiojulikana kipimo chake.

Kuhusu besi iliyoshiba, biti ikifika salama ni ileile iliyotumwa, na hakuna kebo inayoweza kuiongezea uzito. Isipofika, S/PDIF haina njia ya kuiomba upya; kila kipande cha data huambatana na biti moja tu ya ukaguzi, inayoweza kushtukia kosa lakini haiwezi kulisahihisha. Kwa hiyo dalili za kebo mbaya ni mikwaruzo, sauti kukatika ghafla na kurejea, au ampilifaya kunyamaza kabisa huku taa yake ikiwaka kana kwamba haijachomekwa kitu. Mtu akikueleza kwamba kebo yake mpya ya dijitali imeongeza utamu wa gitaa na kupunguza ukali wa tarumbeta, mheshimu, lakini usimfuate dukani.

Wapo watakaouliza kama ni lazima wanunue kebo mpya. Si lazima, kwa urefu mfupi. Ule waya wenye plagi ya njano, unaokuja na deki kwa ajili ya picha, kwa kawaida hutengenezwa kwa omu 75, kwani picha ya video ilikuwa ikitumia kipimo hicho kabla ya dijitali kuingia sebuleni; unaweza kuuchomeka kwenye tundu la chungwa bila wasiwasi. Waya mwekundu na mweupe wa sauti haukuwekewa sharti hilo. Plagi yenyewe ya nyaya hizi, iitwayo RCA, nikisema kweli, si ya omu 75 kamili kutokana na umbo lake, lakini ni fupi mno kuleta madhara ya maana. Rangi ya dhahabu juu yake huzuia kutu, na kazi yake inaishia hapo.

Zipo kasoro mbili ambazo kebo hulaumiwa bure. Ya kwanza ni mngurumo mzito usiokoma katika spika, ambao hutokea pale king'amuzi kinapopata erthi kupitia kebo ya dishi huku ampilifaya ikiipata kwenye soketi ya ukutani, na kinga ya kebo ya koaksiali ikaziunganisha erthi hizo mbili. Mteja wangu mmoja alibadilisha kebo tatu, kila moja ghali kuliko iliyotangulia, kabla ya kuniita, na nilichofanya ni kuhamisha muunganisho kwenye tundu la TOSLINK, ule mfumo wa Toshiba wa mwaka 1983 unaopitisha mwanga badala ya umeme. Mngurumo ulikoma papo hapo, na kebo zake tatu sasa zipo kwenye droo. Ya pili ni sauti za mzunguko za Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo watu huzisubiri kwenye kebo ya koaksiali kama wanaosubiri meli kiwanja cha ndege. S/PDIF hubeba stereo ya kawaida au Dolby Digital na DTS zilizobanwa, na basi. Anayetaka zile kubwa atumie HDMI, kwani hakuna koaksiali iliyotengenezwa, nene au nyembamba, itakayompa.

Kwa upande wa dishi, hali ni ngumu zaidi, na hapo kweli kebo inafaa kuchunguzwa. Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye dishi huwa kati ya megahezi 950 na 2,150, na RG-6, ile kebo ya kawaida ya dishi, hupoteza takriban desibeli 20 (kipimo cha kufifia kwa mawimbi) kwa kila mita 100 yanapokuwa karibu na megahezi 1,000, na zaidi ya hapo yanapopanda. Kebo hiyo hiyo hupandisha volti 13 au 18 za kuendesha kichwa cha dishi, kwa hiyo kiini chake kinapaswa kupitisha umeme wa kawaida vizuri, na hapa kiini cha chuma kilichopakwa shaba juu, ambacho kwa mawimbi hakina ubaya kwa sababu mawimbi hutembea kwenye ngozi ya nje, huanza kupungukiwa kebo inaporefuka. Sumaku ndogo itakuambia: ikinasa kwenye kiini, ndani yake mna chuma. Hakikisha pia kwamba hakuna uzi hata mmoja wa msuko uliogusa kiini ndani ya plagi ya F, ile inayofungwa kwenye ncha za kebo ya dishi, maana uzi huo mmoja unatosha kuzizima chaneli zote.

Sasa nirudi kwa msomaji wa mita 12. Asinunue kebo ya sauti ya aina yoyote. Achukue RG-6 ileile ya dishi, asome kwenye ganda kama imechapwa 75 OHM, aifunge plagi za RCA za kubana zilizotengenezwa kwa ukubwa wa RG-6, na aipitishe ukutani bila kuikunja kwa pembe kali, kwani mkunjo unaobonyeza plastiki huibadilisha impidansi mahali hapo. Sauti ikikwaruza baada ya hapo, aanze kukagua plagi aliyoifunga mwenyewe kabla ya kuigusa kebo.

Wako,
Fundi wa sauti na picha
(Jina kamili limehifadhiwa)