Mwanangu anapendwa shuleni, lakini hesabu zimemwacha nyuma

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nina binti wa miaka 11, yuko darasa la tano katika shule ndogo ya msingi ya kanisa letu. Shule nzima ina wanafunzi 34 na walimu watatu, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Mume wangu anataka tumhamishe. Mimi moyo unakataa, ila siwezi kusema kwamba baba yake amekosea.

Binti yangu ana kigugumizi. Mwanzoni alisoma shule kubwa, na huko alichojifunza zaidi ni kunyamaza. Hata swali alilolijua alijibu "sijui", maana watoto walimcheka kabla hajafika katikati ya neno. Tulipomleta hapa, mwalimu wake hakutoa hotuba yoyote. Alimwuliza swali, akangoja. Hakummalizia neno. Watoto walipoona mwalimu anangoja, nao wakangoja. Mwaka jana mwanangu alisoma Zaburi ya 23 mbele ya waumini wote, anakwama, anavuta pumzi, anaendelea mpaka mwisho. Nilishindwa kujizuia, nikatoka nje kulia. Ndiyo maana nikiambiwa "hamisha mtoto" naumia.

Tena darasa la nne, la tano na la sita wanakaa chumba kimoja, na wakubwa huwasomesha wadogo. Kusoma kwake kumenyooka kwa sababu kila siku hukaa na mtoto wa darasa la nne na kumsikiliza akisoma. Asipofika shuleni, kabla ya saa tatu asubuhi nimeshapigiwa simu.

Sasa shida yenyewe. Likizo iliyopita binamu yake, naye wa darasa la tano, alikuja na karatasi yake ya mtihani. Nikampa binti yangu ajaribu. Theluthi mbili jumlisha robo, akaandika 3/7. Alijumlisha namba za juu, kisha za chini, na alikuwa na uhakika kabisa. Nikafungua daftari lake la hesabu. Muhula mzima kurasa 11, nyingi ni kujumlisha na kutoa alikokujua tangu darasa la tatu, kote "Vema sana" kwa wino mwekundu. Na kila ripoti inasema ni wa kwanza. Wa kwanza kati ya watatu! Nilikuwa naisoma ripoti hiyo kwa furaha, na sikuwahi kujiuliza.

Nilimtetea mwalimu kwa mume wangu. Nilimwambia kuhusu utafiti ulioanza mwaka 1985 katika jimbo la Tennessee, Marekani, ambako watoto waligawanywa bila kuchaguliwa: wengine katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Akanijibu kwamba kila darasa hapo lilikuwa na mwalimu wake, na watoto wa ngazi moja. Wetu ana ngazi tatu peke yake, masomo yote, na nguvu zake nyingi huishia kwa darasa la sita. Sikuwa na jibu.

Kinachonifunga mdomo ni ukaribu wetu. Mwalimu huyo alikesha nami mama yangu alipofariki. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mume wake, na ni mzee wa kanisa. Nikienda kulalamika, nalalamika kwa nani? Kuna mzazi aliyewahi kuuliza kuhusu masomo kikaoni, akaambiwa aiombee shule. Baadaye familia ile iliondoka. Na mtoto mmoja akiondoka shule ya watoto 34, ada yake inaonekana, kiti chake kinaonekana. Darasa la mwanangu litabaki na wawili. Mdogo wake naye anatakiwa kuanza hapo hapo mwakani.

Mume wangu ana neno jingine linaloninyima usingizi: sekondari ataenda shule kubwa tu, na huko hakuna atakayemngoja.

Naomba mnisaidie. Niongeeje na mwalimu kuhusu hesabu bila yeye kusikia kwamba namdharau? Kanisani tuna mhasibu mstaafu. Je, nipendekeze aje mara mbili kwa wiki kufundisha hesabu, au itaonekana nimempita mwalimu? Nikimtafutia mtoto masomo ya ziada nyumbani, nitakuwa namsaidia yeye na kuwaacha wale wawili na makosa yale yale? Na wewe mzazi uliyewahi kumpeleka mtoto mwenye kigugumizi shule kubwa akanawiri, ulimwuliza nini mwalimu mkuu kabla ya kumwandikisha?

Fomu ya uhamisho iko mezani. Baba yake ameshaweka sahihi, na inatakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi. Binti yangu ameiona. Ameniuliza swali moja tu, polepole, nami nikangoja mpaka alipomaliza: huko anakokwenda, atasimama na nani wakati wa kusoma kwa sauti?

Mama wa watoto wawili