Sabuni ya mchaichai na karafuu: majibu yangu kutoka Maskati

Mama Mdogo, shikamoo. Asalamu alaykum nyote hapo Chake Chake.

Picha za sabuni nimezipata. Ile iliyoganda mabonge na ile inayotoka jasho zina kasoro mbili tofauti, basi nitazieleza mbalimbali.

Kabla ya yote, tafadhali acheni kupima kwa kikombe. Kostiki (sodiamu haidroksidi, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ya chenga na ya unga hazijazi kikombe sawasawa. Ikizidi, mche unawasha ngozi na kuvunjika kama chaki. Ikipungua sana, sabuni inabaki laini na baada ya muda inanuka mafuta yaliyochacha. Nunueni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

Kipimo changu ni mafuta ya nazi gramu 300, mawese 400 na alizeti 300. Kostiki gramu 144, maji 290. Gramu moja ya nazi hula kostiki 0.183, ya mawese 0.142, ya alizeti 0.135, mkibadili mafuta, zidisheni upya, kisha punguzeni asilimia 5 ya kostiki ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi.

Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, wala si maji juu ya kostiki, maana yatachemka na kuruka usoni. Fanyeni nje au penye upepo, mkiwa na glavu na miwani, watoto wakiwa mbali. Sufuria za alumini hapana kabisa: kostiki inazila na kutoa gesi inayowaka. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, siki isipakwe.

Maji ya kostiki na mafuta vikishapoa hadi kama nyuzi 40, changanyeni na mkoroge kwa blenda ya mkono, mkiwasha na kuzima. Uji uko tayari pale mchirizi mnaoudondoshea unapobaki juu kidogo kabla ya kuzama.

Hapa ndipo karafuu ilipowaponza mkapata mabonge. Mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo (vikonyo vyake) au ya majani, yamejaa yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, nayo ikikutana na kostiki huharakisha sabuni hadi inashika kama ugali ndani ya sufuria. Mafuta hayo yakizidi pia huwasha ngozi. Kwa kilo ya mafuta tieni gramu 5 tu, mwisho kabisa, uji ukiwa bado mwepesi, mkoroge kwa mwiko badala ya blenda, na kalibu iwe imeshatandikwa karatasi pembeni yenu. Mafuta ya mchaichai gramu 20 hayana matata hayo.

Majani mabichi ya mchaichai msiyatie. Yanageuka kahawia na kuacha madoa yanayooza. Yakausheni, myaloweke kwenye alizeti juu ya maji ya moto kwa saa mbili, mchuje kwa kitambaa, ndipo mpime, maana majani hunywa mafuta. Lakini harufu ya majani hayo haihimili kostiki. Harufu inayodumu ni ya mafuta yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa kwa mvuke.

Sasa jasho. Pangusieni karatasi. Yakiwa matone safi yasiyochoma, ni gliserini inavuta unyevu wa hewa ya pwani: wekeni penye feni, na msifunge kwenye nailoni. Yakiwa ya mafuta, uji haukukorogwa ukashikana. Yakiwa maji yanayochoma kidole, hiyo ni kostiki iliyojitenga, na sabuni hiyo asioge nayo mtu.

Kateni baada ya siku moja au mbili, mkiwa bado na glavu, mpange miche kwenye chanja ya mbao kivulini, iachane, kwa wiki nne hadi sita, masika ongezeni. Unga mweupe juu yake hauna madhara, futeni kwa kitambaa chenye maji.

Mche mmoja muuandike namba na kuupima kila Ijumaa. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Niandikieni hizo gramu, Mama Mdogo, pamoja na tarehe.

Mwanao,
Maskati