Taa za breki: tuangalie ethi kabla ya kununua balbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo sisi wenye magari ya zamani tumelizoea hadi tunaliona la kawaida: taa za nyuma zinasumbua, fundi anabadilisha balbu, mwenye gari analipa, na baada ya siku mbili tatu ugonjwa uleule unarudi. Hoja yangu ni kwamba katika magari ya umri huo tunaharakisha mno kulaumu balbu na waya unaoleta umeme, ilhali waya unaourudisha umeme kwenye bodi, ule ambao mafundi huuita ethi, hauguswi kabisa.

Gari langu lina zaidi ya miaka 20. Lilipoanza vituko vyake, ilikuwa usiku taa ndogo zikiwa zinawaka, nikikanyaga breki taa ya kushoto inazimika badala ya kung'aa, na indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mwanga hafifu bila mtu kuigusa. Mchana, swichi ya taa ikiwa imezimwa, breki hiyohiyo iliwasha kwa mbali taa ya kibao cha namba na taa za dashibodi. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu mara mbili. Wa pili alitaka kung'oa nyaya zote za nyuma na kuvuta mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi, na wala simlaumu sana, kwa sababu dalili hizo kweli zinafanana na za nyaya zilizounganishwa vibaya.

Kumbe maelezo yake ni mepesi. Balbu nyingi za nyuma za magari hayo zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, mmoja wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo na mwingine wa wati 21 kwa ajili ya breki, na zote mbili hurudisha umeme kupitia kitako kimoja cha chuma. Kitako hicho au skrubu ya ethi ikiliwa na kutu, umeme wa breki hukosa pa kutokea, hivyo hupenya katika uzi wa taa ndogo na kurudi kinyumenyume kwenye waya wake, hadi ukutane na taa nyingine yenye ethi nzima. Ndiyo maana dashibodi inawaka mtu anapokanyaga breki. Taa ndogo zikiwa zimewashwa, nyuzi zote mbili hupata volti 12 kwa wakati mmoja, umeme haupati mwanya upande wowote ila kupitia indiketa inayotumia skrubu hiyohiyo ya ethi, na taa inazimika. Anayejua hilo hahitaji kukata waya hata mmoja.

Kulithibitisha ni kazi ya dakika chache. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine aweke ncha moja ya mita ya umeme kwenye hasi ya betri na ncha ya pili kwenye chuma cha holda ya balbu. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikionyesha volti moja, mbili au zaidi, ethi ni mbovu, hakuna cha kubishania. Asiye na mita achukue kipande cha waya, aunganishe chuma hicho cha holda na sehemu safi ya bodi isiyo na rangi, kisha aone kama taa zitarudia hali yake.

Hapa niongeze tahadhari ambayo hata mafundi wenye uzoefu huisahau. Kupima waya wakati balbu imetolewa hakutoshi. Waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba utaionyesha mita volti 12 kamili, lakini ukipewa balbu ya wati 21, inayotaka karibu ampea 2, utashindwa kuubeba mzigo. Waya upimwe ukiwa kazini.

Sisemi kwamba kila hitilafu ni ya ethi. Taa zote za breki zikifa kwa pamoja, pamoja na ile ya juu kwenye kioo kwa gari lenye nayo, lililo la busara ni kuanza na fyuzi na swichi iliyo juu ya pedali. Zikigoma kuzimika na betri ikaamka imekufa, mara nyingi ni kile kitufe kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi hiyo, ambacho huzeeka, hupasuka na kudondoka sakafuni. Kama taa ziko kwenye mlango wa buti, nyaya zichunguzwe pale zinapopita kwenye bawaba, kwa kuwa hukunjwa kila mlango unapofunguliwa na shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Ukiuvuta waya taratibu, uliokatika hunyooka kama mpira. Na fyuzi ikiungua tena na tena, kuna waya unaopiga shoti mahali fulani. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au ile karatasi ya fedha ya sigara ambayo nimewahi kuikuta kwenye gari nililouziwa, ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, ukiwa umelala chini ya zulia na viti.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba wapime mbele ya mteja na kumwonyesha namba kwenye mita kabla ya kumtuma dukani, na kwa wenzangu wenye magari, tuwe radhi kuilipia kazi ya kupima hata pale ambapo hakuna kifaa kilichobadilishwa. Tumezoea kumlipa fundi kwa kile alichofunga, basi naye anafunga.

Gari langu lilipona kwa skrubu moja iliyokuwa chini ya zulia la buti. Niliifungua, nikasugua kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaikaza upya na kuipaka grisi kidogo. Balbu za awali zilizotolewa kama mbovu nilizijaribu baadaye, zote zikawaka. Ninazo hadi leo kwenye droo ya gari kama akiba.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye gari la zamani