Kabla hamjajenga ghala la mbegu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumai wewe na wote nyumbani hamjambo. Barua yako nimeipata, nimeisoma na kuirudia. Nimefurahi kusikia kikundi chenu kimekubaliana kukusanya mbegu za asili kabla hazijapotea. Ila ule mpango wa kuanza na jengo, rafu na chupa umenitia wasiwasi, na kwa kuwa umeniomba nisikufiche neno, sikufichi. Jengo lije mwisho. Kwanza watafuteni watu wa kuzipanda.

Bila shaka umesikia habari za hifadhi ya mbegu ya Svalbard kule Norwei, iliyochimbwa ndani ya mlima na kufunguliwa mwaka 2008. Watu huitaja kana kwamba kazi imekwisha. Lakini vita vya Syria vilipowatenga watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA na benki yao ya mbegu karibu na Aleppo, walilazimika mwaka 2015 kuziomba mbegu walizokuwa wameziweka kule. Walizipeleka Lebanon na Moroko, wakazipanda, wakavuna, na mwaka 2017 wakaanza kurudisha akiba Svalbard. Kumbe hata mbegu iliyogandishwa mwisho wake ni shambani. Tena ile iliyolala kwenye baridi miaka thelathini haijakutana na mdudu mpya wala na mvua hizi zisizotabirika. Ya mkulima imekutana navyo kila msimu, na zilizoshindwa zimeshachujwa.

Kwa hiyo kila mwanakikundi achukue aina mbili tatu za kuzitunza shambani kwake, na kila aina iwe kwa watu watatu au zaidi, maana ng'ombe wakivamia shamba moja, mbegu ibaki kwingine. Mnapoipokea mbegu, andikeni na maneno ya aliyeileta: inakomaa lini, inavumilia udongo gani, ipandwe pamoja na nini, ndege wanaipenda au wanaikimbia. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi wa asili ulio ndani ya punje, kwa mfano, ndege huukwepa kwa ukali wake. Asiyejua hilo ataung'oa kwa sababu tu hauna ladha ya ule mweupe. Mbegu bila maelezo kama hayo mimi naihesabu nusu yake imeshapotea.

Sasa kuchagua. Hapa ndipo vikundi vingi huharibu, kwani husubiri mavuno yarundikwe nyumbani ndipo wachague mahindi makubwa. Kwenye rundo huwezi kujua kama hindi lile lilinenepa kwa uzazi wake au kwa sababu mmea ulisimama peke yake penye mbolea. Chagueni mimea ingali imesimama, katikati ya shamba, kati ya wenzake waliobanana vilevile. Ifungieni utepe ile yenye afya, isiyoanguka. Mahindi huchavushwa na upepo, basi shamba la mbegu liwe mbali na mahindi ya jirani, mita mia mbili na zaidi, au mpande kwa kupishana wiki tatu nne ili mbelewele zisitoke wakati mmoja. Na msichukue mbegu kwenye mimea mitano mizuri mkaridhika. Kwa mahindi, chukueni kwenye mia moja au zaidi, la sivyo baada ya vizazi vichache yatadhoofika kwa kuzaliana yenyewe kwa yenyewe. Maharage hayana shida hiyo, kwa sababu karibu yote hujichavusha.

Kukausha ni jambo la kulisimamia kwa ukali. Tieni mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu, mtikise. Chumvi ikiganda kwenye kuta, mbegu bado ina maji. Hata isipoganda, endeleeni kukausha kivulini kabla ya kuifunga, kwa sababu kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huweza kurefusha uhai wa mbegu karibu maradufu. Majivu yaliyochekechwa yanatosha kuzuia wadudu wa maharage.

Umeniuliza kama muwapige marufuku wanachama kununua chotara, yaani mbegu za dukani zilizozalishwa kwa kuchanganya aina mbili. Hapana. Anayetaka apande, ila ajue kwamba akirudia kupanda alichovuna atapata mchanganyiko usio na nguvu ile. Hatari yenyewe ni wote kupanda kitu kimoja. Mwaka 1970 ugonjwa wa madoa ya majani uliangamiza takriban asilimia 15 ya mahindi ya Marekani, kwa sababu sehemu kubwa ya chotara zao zilirithi udhaifu uleule.

Kuhusu kuuza, nendeni polepole. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za kijenetiki za mimea, yaani mbegu na vipando vya kila aina, unazitambua haki za wakulima, lakini utekelezaji umeachiwa serikali, na katika nchi nyingi sheria za biashara ya mbegu haziruhusu kuuza mbegu isiyothibitishwa. Kubadilishana kati yenu ni jambo moja, kuweka bei na lebo ni jingine. Muulizeni afisa wa kilimo kabla, si baada.

Nina ombi moja. Mkiwazungukia wazee, hasa kina mama waliokuwa wakitunza mbegu, msiulize tu walichonacho. Waulizeni pia walichokiacha, na kwa nini. Mara nyingi utakuta ulezi haukuachwa kwa sababu ni mbaya. Uliachwa kwa sababu kuupura na kuupepeta kunaumiza mgongo, na watoto waliokuwa wakifukuza ndege sasa wako shule, jambo ambalo hakuna anayetaka libadilike. Kama ndivyo ilivyo kwenu pia, basi zile pesa za rafu ningezinunulia mashine ya kupura. Niandikie watakavyosema.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako.