Mwanangu, hela ya nyumbani usitume tena

Muheza, Oktoba 2025

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, na Saidi pia. Jumapili ulilala simu ikiwa mkononi. Nilikuuliza habari za mwili, ukaanza kujibu, kisha nikasikia pumzi tu. Mama yako akasema kata, bando linaisha. Sikukata. Huko Uingereza ilikuwa saa sita mchana, umetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nami nikakaa barazani nakusikiliza ukilala.

Najua utasema, "Baba, hata wewe ulisoma huku unafanya kazi." Kweli. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nilipojiunga na Chuo Kikuu Huria; asubuhi chaki, usiku makabrasha. Nimejisifia hilo mbele yenu tangu mkiwa wadogo, na sasa naona nilikupimia kwa kibaba kisicho chako. Huria ilianzishwa mwaka 1992, na watu kama mimi, wenye ajira na watoto, ndio waliojaa humo. Mwaka ukinielemea nilichukua masomo machache, nikaendelea mwakani. Nani alinihesabia saa?

Wewe umeandikishwa mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa muda wote. Ufadhili umelipa ada, posho hakuna, kwa hiyo sikuambii uache kazi. Kodi ya chumba hailipwi kwa dua. Lakini ulitueleza mwenyewe ulipopata viza kwamba mwisho ni saa 20 za kazi kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, na kwamba mtu wa uzamivu hana ile likizo ndefu ya kiangazi waliyonayo wa shahada ya kwanza. Sasa nasikia umemwambia mama yako kwamba wiki moja ulifanya saa 24 ila utafidia kwa 16 wiki inayofuata. Haifidiwi, mwanangu. Kila wiki inasimama peke yake. Na saa unazofundisha semina pale idarani zinaingia humo humo kwenye 20, pamoja na za nyumba ya wazee. Meneja anayekupigia usiku kwamba mwenzako hakuja kazini, siku ya kuulizwa utakuwa peke yako.

Nimekaa na kalamu. Unatutumia kama pauni 300 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara huko mwaka huu wa 2025 ni pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo hizo ni zamu mbili nzima za saa 12, kabla hata ya makato. Ongeza na siku mbili zinazofuata, ambazo unalala mchana na ukiamka kichwa ni kizito. Siku nne kila mwezi unazitoa kwenye tasnifu unatuletea sisi. Kwa mwaka ni siku 48. Vile vipimo vya mikoko ulivyochukua Rufiji mwezi wa sita hujavifungua bado, na kikao cha kupandishwa rasmi kuwa mwanafunzi wa uzamivu umekiahirisha mara mbili. Nilikuwa nalaumu uzembe wako. Mzembe nilikuwa mimi, niliyepokea bila kuuliza zimetoka saa ngapi.

Na nikiri yote: hela ya mwezi wa saba, nusu yake ilikwenda kwenye mchango wa harusi ya mtoto wa jirani. Ulikuwa unawageuza wazee wa watu usiku ili mimi nisionekane bahili kwenye kamati. (Mama yako hataki niliandike hili. Nimeandika.)

Basi nakuomba usitume tena mpaka umalize. Ada ya Saidi ya chuo cha ufundi cha VETA muhula huu nimeilipa; machungwa yalipata bei. Dawa ya presha ya mama yako inatoka kwenye pensheni yangu. Bati la jikoni likivuja tutahamisha sufuria.

Kazi ukizipunguza, ya kufundisha semina usiiache. Mshahara wake mdogo na kusahihisha kunachosha, najua, lakini unakaa na watu wa fani yako, na siku ukirudi kuomba ukufunzi Dar es Salaam au Morogoro, ndiyo watakayoiuliza. Nyumba ya wazee ibaki kwa zamu za kodi na chakula tu, na kama kuna za mchana, omba za mchana. Msimamizi wako pia mwambie ukweli. Umekuwa ukimwambia "nakaribia kumaliza sura" tangu mwezi wa nane, naye anadhani huna hamu na kazi yake, kumbe huna usingizi. Mwalimu hawezi kumsaidia mwanafunzi anayemficha. Nimefundisha miaka 34, hilo nalijua.

Hela ya mwezi huu ilifika Jumatano. Sijaigusa, na kamati ya harusi nyingine imeshapita hapa mara mbili.

Jumapili usipige ukitoka kazini. Lala kwanza, piga ukiamka.

Baba yako