Mlikata hita ya kioo changu cha nyuma kwa wembe, halafu mkaniuzia rilei na swichi

Kwa meneja wa gereji ya tinti na umeme wa magari, Kigoma mjini

Meneja, habari za kazi. Mi ni yule mama wa dagaa wa Kibirizi mwenye gari nyeupe, nilikuja kwenu mwezi uliopita kutoa tinti ya kioo cha nyuma maana ilikuwa imevimba malengelenge na usiku sioni kitu. Nimeamua kuandika kwa sababu nimeshakuja kwa mguu mara tatu na kila nikija naambiwa bosi katoka.

Siku naleta gari hita ya kioo cha nyuma, ile mistari inayopasha kioo moto ili ukungu utoke, ilikuwa inafanya kazi, na naomba hili mlishike vizuri. Asubuhi ile ile nilitoka nayo nyumbani mvua inanyesha, nikabonyeza swichi, dakika chache ukungu ukatoka kioo kikawa safi. Kijana wenu akatoa tinti kwa wembe, mi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi namuona, anakwangua kavu kavu hata maji ya sabuni hajapaka, nikamuuliza mdogo wangu hapo kuna mistari huoni, akanijibu mama usiwe na wasiwasi hii kazi tunaifanya kila siku. Nikalipa elfu 40 nikaondoka.

Kesho yake nimepakia dagaa naenda Kasulu. Mnajua wenyewe mvua za huku, na ukishapita Kidahwe ukaanza kupanda baridi inaongezeka, ndani tulikuwa wanne nguo zimelowa, vioo vyote vikashika ukungu. Cha mbele kikaitikia feni, cha nyuma nabonyeza taa ya swichi inawaka lakini ukungu uko pale pale. Kufika Kasulu narudi rivasi sokoni nikasikia watu wanapiga kelele simama simama, kumbe nyuma kuna kijana na baiskeli yake ya mkaa, zilibaki kama hatua mbili tu. Sikulala siku hiyo jamani. Yule mtoto angeumia ningemwambia nini mama yake, kwamba kioo kilikuwa na ukungu?

Nikarudi kwenu. Mkasema fyuzi imeungua, mkabadilisha. Haikuwaka. Mkasema rilei, kile kifaa kinachopitisha umeme wa hita ukibonyeza swichi, elfu 35. Haikuwaka. Mkasema basi itakuwa swichi, elfu 60, na ufundi elfu 25. Haikuwaka! Halafu mkaniambia gari ni ya zamani nizoee. Katika siku zote hizo sijaona mtu ameshika mita ya kupimia umeme hata mara moja, mnabadilisha tu kitu kimoja baada ya kingine na mi ndo nalipa.

Sasa nawaambia kilichoonekana. Jirani yangu ni fundi umeme, Jumapili akaja na mita yake, hakugusa spana. Akawasha gari, akabonyeza swichi, akasikiliza ile sauti ya rilei, tki, ipo. Hiyo sauti hata kabla hamjabadilisha ilikuwepo, na taa ya swichi ilikuwa inawaka, nilimwambia kijana wenu lakini hakunisikiliza. Jirani akaweka waya mweusi wa mita kwenye bodi ya gari, mwekundu akagusa upande wa kushoto wa kioo, ikasoma kama volti 13. Akagusa upande wa kulia, napo ikasoma 13 ile ile. Akaniambia dada hapo ndo pana shida, upande mmoja umeme unaingia, mwingine unatoka kwenda kwenye bodi, ule wa kutokea ulitakiwa usome karibu na sifuri. Ukisoma sawa na wa kuingilia maana yake umeme umefika lakini hauna njia ya kutoka.

Akafungua plastiki ya pembeni. Kile kibati kidogo kinachoshika waya kwenye kioo kilikuwa kimeng'oka, na mtu amekibandika tena kwa supa gluu! Gundi ile haipitishi umeme, inashika kibati tu basi. Meneja, hapa ndo nilipoumia. Wembe unaweza kuteleza, mtu kukosea ni kawaida. Lakini aliyebandika ile gundi alijua amekiharibu, alikiona kimetoka, akakificha chini ya plastiki, halafu gereji hiyo hiyo ikaniuzia rilei na swichi. Hela ile ilikuwa ya mtaji wa gunia la dagaa.

Hatukuishia hapo. Jirani akashikiza kibati kwa muda ili umeme upite, akatembeza mita mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari mzima unashuka taratibu, ukifika katikati ni kama nusu, karibu 6 na kitu, mwisho sifuri. Mstari uliokatika unasoma 13, 13, 13, halafu ghafla sifuri, na pale pale inaposhuka ndipo palipokatika. Mistari yangu iko 11, iliyokatika ni 5, na sehemu zilizokatika zimefuatana mshazari kama mtu aliyepitisha wembe mara moja kutoka juu kwenda chini. Tuliweka alama kwa peni na picha ninazo kwenye simu. Hata bila mita mtu anaona, tulipumulia kioo kikashika ukungu, ile mistari 6 ikasafisha, ile 5 ikabaki na ukungu.

Ile mistari sio urembo. Ni rangi yenye madini ya fedha imechomwa juu ya kioo upande wa ndani, upande ule ule wa tinti, ndo maana haikwanguliwi kwa wembe. Tinti inalainishwa kwa moto wa hea draya au mvuke, inavutwa polepole kufuata mistari inavyokwenda, gundi inayobaki inalowekwa na kufutwa kwa kitambaa. Nyie mnafanya biashara ya tinti, mlitakiwa kulijua hili kabla yangu.

Na fyuzi. Kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi imeandikwa ampea 20, nyie mmeweka ya 30. Fyuzi kazi yake ikatike kabla waya haujapata moto, sasa mkiweka kubwa si waya ndo utaungua kwanza? Na gari yangu inalala ukutani kwa chumba cha watoto. Hii jirani ameitoa hapo hapo na fyuzi iko kwangu nitawaletea.

Ninachotaka ni hiki. Hela ya rilei, swichi na ufundi, jumla laki moja na elfu 20, irudi yote, nami nitawapa vipuri vyenu mnipe vile vyangu vya zamani. Kibati kirudishwe kwa gundi maalumu ya kupitisha umeme au solda kwa mtu anayejua, maana moto ukizidi kioo kinapasuka. Mistari 5 izibwe kwa ile rangi ya fedha ya kurekebishia hita, kama Kigoma hamna agizeni Dar ije na basi, kioo kisafishwe kwa spiriti, ibandikwe tepu juu na chini ya mstari ndo ipakwe, halafu iachwe ikauke siku nzima kabla ya kuwasha. Mkishindwa tafuteni kioo kingine chenye hita nzima kwa gharama yenu. Na kazi ikiisha tupime kwa mita mimi na jirani tukiwepo, sitaki kuambiwa tu tayari mama.

Nawasubiri mpaka Jumamosi. Safari za Kasulu nimesimamisha, mzigo upo ndani na mvua ndo kwanza zimeanza. Namba yangu iko kwenye daftari lenu la wateja, na risiti zote tatu ninazo.

Mteja wenu, mama wa dagaa, Kibirizi